Chupa ya Pili

Miaka yote ambayo sufuria ya Bi Somoe ilikaa juu ya mafiga pale Songo Mnara, haikuwahi kuchemshiwa maji matupu. Mizizi, ndiyo. Majani, magome, na vitu vingine ambavyo mwenyewe hakupenda kuvitaja mbele za watu, ndiyo. Maji matupu, hapana. Maji matupu yakichemshwa kwenye nyumba yenye mgonjwa yana kazi moja tu, na kila mtu anaijua, kwa hiyo haifai kuyaita kabla hayajajiita yenyewe.

Khamisi alilijua hilo tangu hajang'oa meno ya utoto. Na bado, Jumamosi ile alisimama mbele ya bibi yake, mkoba wa mradi wa utafiti wa dawa begani na chupa mbili za plastiki mkononi, akamwomba amchemshie maji matupu. Ndiyo mambo ya shule hayo. Inakufundisha kuuliza, haikufundishi pa kuulizia.

"Ya nini?" Bi Somoe akamuuliza.

"Ya kulinganishia, bibi. Chupa ya kwanza natia dawa yako, maji na mizizi. Chupa ya pili natia maji peke yake, sufuria hiihii, moto huuhuu. Tusije tukaisifia dawa kumbe sifa ni za sufuria."

"Na huyu je?" Bibi alinyoosha kidole upande wa kibarazani. "Nichemshe maji ya maiti naye ananitazama?"

Huyo alikuwa Warda, mtoto wa Samia, dada yake Khamisi. Alikuwa na miaka minane na mwili wa mtoto wa mitano, macho yana umanjano, amelala mkekani kwa sababu magoti yalikuwa yamemuuma tangu juzi. Selimundu ilimpata tangu tumboni. Kila maumivu yalipompanda Samia alimbeba mgongoni, akatembea naye uwanjani akimsomea, na mtoto akamng'ata bega ili asipige kelele. Samia alikuwa na alama za meno bega zima.

"Mjomba anataka kuniosha," Warda akasema, akacheka.

"Tema mate!" Bi Somoe alifoka. "Tema chini sasa hivi!"

Mtoto akatema, bado anacheka. Samia, aliyekuwa akipeta mchele, hakucheka. Alimtazama kaka yake, akatikisa kichwa mara moja, na shauri la chupa ya pili likaishia hapo.

Dawa ikapikwa. Bi Somoe alichota maji ya kisima, yale ya kisiwani yenye ukakasi wa chumvi, akatia mizizi iliyopondwa, na mwishowe akafungua pindo la kanga yake akatoa senti. Ilikuwa senti ya kale ya shaba, mojawapo ya zile zinazojitokeza mchangani karibu na magofu mvua ikishanyesha, nyembamba kama kucha na yenye ukungu wa kijani. Mama yake aliitia sufuriani, na mama wa mama yake vilevile. Maji yakichemka senti ilirukaruka chini na kugonga: to, to, to. Hapo ndipo unapojua dawa imeiva. Khamisi alilelewa na mlio huo. Kwake haikuwa kitu kilichotiwa kwenye dawa, kama vile mpishi asivyohesabu bismillahi kuwa kiungo cha mchuzi.

Mwenye boti akapiga mluzi, maji ya bahari yanakupwa. Khamisi akaondoka na chupa moja iliyojaa na moja tupu. Akavuka bahari hadi Masoko, akapanda basi hadi Lindi, na Jumatatu asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akaijaza ile chupa ya pili kwa maji ya birika la ofisini. Kisha akajaza fomu. Panapoulizwa kama maji ya kulinganishia yamepikwa kwenye chombo kilekile, akatia alama ya ndiyo. Panapoulizwa vitu vingine vilivyotiwa, akaandika: hakuna. La kwanza lilikuwa uongo na alijua. La pili lilikuwa uongo mkubwa zaidi, na hilo hakulijua.

Kazi yao pale, ukiieleza kijiweni, watu wanakuona umekosa la kufanya. Damu ya mwenye selimundu ina protini yenye tabia mbaya: ikipungukiwa na hewa inajishikanisha yenyewe kwa yenyewe mpaka inakuwa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoikunja chembe ya damu na kumfanya mtoto ang'ate bega la mama yake. Mradi ulitafuta molekuli yoyote, ya mti, ya mwani, ya sifongo wa baharini, itakayoing'ang'ania protini hiyo na kuizuia isijishikanishe. Unachukua trei yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja kidogo kuliko tundu la pete. Unatia protini, unatia tone la unachokijaribu, unaondoa hewa, unasubiri. Kishimo kikiwa na ukungu kama maji ya mchele, protini imejishikanisha, umeshindwa. Kikibaki angavu, kuna kitu kimeishika.

Walikuwa wameshajaribu chupa elfu mbili na ushei. Mwaka na miezi miwili ya maji ya mchele. Dokta Erasmo, mkuu wao, Mmakonde wa uwandani aliyekuwa bahili wa maneno kama wengine walivyo bahili wa sukari, alikuwa kila jioni akiitazama trei, anasema "Haya, kesho," na kuvaa kofia yake.

Siku ya dawa ya Bi Somoe hakuvaa kofia. Kishimo cha saba kilikuwa angavu. Cha nane, chenye maji ya birika, kilikuwa na ukungu kama vingine vyote. Dokta akaamuru kurudiwa. Kikawa angavu tena. Akavua miwani, akaipangusa na shati, akaivaa, akainama tena.

"Bwana Khamisi," akasema polepole, "hii ni ya wapi?"

"Ya kwetu, Dokta. Ya bibi yangu."

Wakati Dokta anairudia mara ya tatu, Khamisi alikuwa nje chini ya tangi la maji, simu sikioni. Usimlaumu haraka. Kaa miaka minane ukimtumia dada yako nauli ya kliniki, ukimsikia mtoto akilia kwenye simu kila mwezi, halafu siku moja uione ajabu kwa macho yako ndani ya kishimo kidogo namna ile, uone kama ulimi wako utatulia. Ulimi hauna mfupa.

"Samia! Mashine imeikubali dawa ya bibi!"

Samia alipiga kigelegele, kisha akauliza swali ambalo Khamisi angelisikia tena maisha yake yote.

"Na vile vidonge vya kliniki, kaka?"

Vidonge vile ni yeye Khamisi aliyevipigania. Bi Somoe hakuvitaka, akisema dawa mbili kwenye tumbo moja ni wake wenza, hazitakaa. Samia alivikubali kwa sababu ya neno la kaka yake tu. Kila miezi miwili alipanda boti, akapanda basi, mtoto akatolewa damu, wakarudi. Na mtoto alikuwa amepata nafuu navyo. Si kupona, nafuu. Khamisi alikuwa na karatasi za kliniki zinazoonyesha hivyo. Alizijua tarakimu zake kwa kichwa.

"Vipumzishe kidogo," akasema. "Mpe ya bibi kwanza, mpaka nije."

Aliporudi ndani Dokta Erasmo alikuwa akifunika trei. "Hatujapata dawa," akasema. "Tumepata kishimo. Sampuli inakwenda Dar ikachambuliwe molekuli moja moja, tujue ni ipi inayoshika. Miezi miwili, mitatu. Mpaka hapo mtu asimwambie mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Dokta."

Angeweza kutoka nje tena, kupiga simu tena. Ni hatua kumi na tano hadi chini ya tangi. Alijiambia ataifuta kauli yake Ijumaa, atakapokwenda mwenyewe. Ijumaa kukawa na wageni wa mradi. Na Samia akawa anatuma sauti kwenye simu: Warda kaenda chuo cha Kurani kwa miguu yake, Warda kacheza rede, Warda kamaliza sahani. Wiki tatu bila maumivu. Maneno hayo yalimwingia Khamisi kama usingizi. Usiku mmoja mmoja alikumbuka birika la ofisini, akajigeuza upande wa pili. Alijua vizuri kwamba vidonge vile haviishi nguvu mwilini mara moja, vinakwenda vikififia taratibu. Alijua, akachagua kutokujua.

Wiki ya saba mtoto alianza kukohoa. Homa ikapanda asubuhi, mchana kifua kikabana, pumzi ikawa fupi. Boti ya kwanza haikuwa na mafuta. Walipofika gatini Masoko, Samia bado alikuwa amembeba mgongoni. Mwenye boti ndiye aliyeona kwamba meno hayakuwa tena begani.

Khamisi alifika Songo Mnara kesho yake asubuhi. Uwanja ulikuwa umejaa, wanaume huku na wanawake kule. Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi. Samia alimwona kaka yake, akainuka, akamwangukia kifuani, na badala ya kulia akawa ndiye anayembembeleza yeye.

"Usijiumize, kaka. Ni siku yake tu. Dawa tulimpa nzuri. Mpaka mashine ilisema."

Khamisi akatoka kwenye mikono yake, akaenda kusimama nyuma ya nyumba, karibu na jiko, mahali ambapo mtu anaweza kulia bila kuonwa. Na hapo ndipo alipousikia.

To, to, to.

Sufuria ilikuwa motoni. Ile ile. Wanawake waosha maiti walihitaji maji ya vuguvugu, sufuria ndiyo hiyo iliyokuwa karibu, na Bi Somoe hakuwa tena na mgonjwa wa kumlinda. Aliinamisha kichwa tu kukubali waiteleke. Hakuna aliyekumbuka kuitoa senti.

Khamisi alisogea akachungulia. Maji yalikuwa meupe, hayana jani wala mzizi, mkunazi na kafuri vilikuwa bado kwenye sinia. Chini kabisa senti ilirukaruka peke yake. Akaitazama. Alikuwa ameitazama miaka thelathini, na hakuwahi kuiona. Shaba. Maji ya chumvi, moto, na shaba. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa kwamba shaba inaing'ang'ania protini yoyote inayoikuta, haichagui, haitibu, inashika tu, na kwa hiyo ukitafuta dawa jambo la kwanza ni kuhakikisha hujaingiza metali yoyote. Ndiyo maana ya chupa ya pili. Maji peke yake, sufuria hiihii, moto huuhuu.

Mkoba wa mradi ulikuwa begani. Alitoka nao kazini bila kuuvua. Ndani mlikuwa na chupa tupu. Hakuna aliyemwona alipochota, maji yakamwunguza vidole, naye akashukuru kwamba yanaunguza. Akaifunga chupa akaitia mkobani. Kisha akaenda upande wa wanaume. Alasiri alishuka kaburini kumpokea mpwa wake. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Hitma ilisomwa siku ya tatu. Siku ya nne Khamisi alikuwa Lindi, anapanga vishimo. Aliweka maji yale kwenye cha saba. Hakuomba dua yoyote, kwa kuwa hakujua aombe nini. Kikiwa na ukungu, basi dawa ya bibi ni ya kweli na Warda amekufa kwa siku yake. Kikiwa angavu, Warda amekufa kwa neno la mjomba wake.

Dokta Erasmo aliingia, akampa pole ya msiba, akainama kwenye trei kama kawaida yake. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Hii inashika sawasawa na ile ya kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane sauti yake ilikuwa na furaha. "Umechimba mizizi mipya?"

"Hakuna mizizi, Dokta."

"Majani?"

"Hakuna kitu. Ni maji ya kumwoshea Warda."

Dokta akainuka. Khamisi alimweleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya kadhi: senti, birika, alama ya kalamu kwenye fomu. Alipofika kwenye simu aliyoipiga chini ya tangi, akashindwa kuendelea, lakini Dokta hakuwa mjinga. Alivuta kiti akakaa. Aliwahi kumzika mwanawe mwenyewe kwa ugonjwa huohuo, jambo ambalo pale kazini lilijulikana na halikusemwa.

"Senti haikumwua," akasema mwishowe. "Shaba yenyewe ni kidogo. Wala haikumsaidia."

"Najua kilichomwua."

"Dar nitawaandikia mimi, na kwenye barua nitaandika jina lako." Alivaa kofia yake, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. "Lakini lile la pili si la kuandika. Kapige simu."

Khamisi alikwenda chini ya tangi. Hatua kumi na tano, alizihesabu. Samia alipokea haraka, na sauti yake ilikuwa na uchangamfu ule wa kujilazimisha walio nao wafiwa.

"Afadhali umepiga. Kuna mama hapa ametoka Njinjo, kasikia habari ya dawa ya bibi. Mtoto wake ana shida ileile ya marehemu. Nimemwambia kwamba kaka yangu yuko kwenye huo mradi, atamthibitishia mwenyewe. Bibi ameshateleka."

Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo, senti iligonga. To, to, to.

Angeweza kunyamaza. Samia alikuwa na kitu kimoja tu cha kumshikilia asianguke, kwamba mwanawe alipewa kilicho bora, na Khamisi ndiye aliyempa kitu hicho. Kumpokonya ni kumzika mtoto mara ya pili, safari hii mikononi mwa mama yake. Lakini mtoto wa Njinjo naye alikuwa na mama.

"Samia, mwambie bibi aipue hiyo sufuria."

"Kuna nini?"

Akamwambia. Hakumtaja Mungu, hakuisingizia mashine. Alisema birika, alisema kalamu, alisema senti. Alisema kwamba maji ya kumwoshea mwanawe yalifanya kila kitu ambacho dawa ilifanya. Alisema yeye ndiye aliyesema vidonge vipumzishwe, na hakuwa na haki ya kusema.

Khamisi alisikia nyayo za Samia mchangani, akasikia mlio wa senti ukikaribia, kisha ukakatika. Akamsikia akisema na mtu, kwa sauti ya chini, sauti ya heshima kabisa: "Mama, samahani kwa safari yako. Mtoto anakunywa vidonge vya kliniki? Basi usimwachishe. Hata akwambie nani."

Kisha akarudi kwenye simu.

"Vyake ninavyo bado," akasema. "Kopo zima. Alikuwa ananiuliza kila asubuhi, mama, na leo sinywi? Maana yeye alikuwa anavipenda, vina rangi. Nikawa namjibu, mjomba wako ndiye anayejua."

Khamisi alingoja asikie tusi, kilio, chochote. Samia akakata simu.